Ermelinda na Nta ya Chumba Chekundu

Ermelinda Malafronte alikuja na jengo. Ndivyo tulivyozoea kumtania pale maabara, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka. Kiwanda cha tambi cha Torre Annunziata, alikofanya kazi tangu akiwa na miaka kumi na sita, kilifungwa mwaka 1982. Mwaka uliofuata sisi watu wa michoro ya kale tulipokodi ghorofa yake ya juu, tulimkuta mlangoni na funguo mkononi na ndoo ya maji miguuni, akituamuru tupanguse viatu. Hakuna aliyemwajiri siku ile. Dakta Fulvia Terracciano, mkuu wetu, alisaini karatasi zake wiki mbili baadaye. Alisema mwanamke yule ameshaanza kututuma, kwa hiyo afadhali awe mwenzetu.

Mimi Saverio nilikuwa mpiga picha wa maabara. Kazi yetu ilikuwa kuzijua rangi ambazo mafundi wa Kirumi walipaka ukutani: zimetoka kwenye jiwe gani au udongo gani, zimeshikwa na nini, nani kazigusa baada yao. Tulichukua ukutani chembe ndogo kuliko punje ya chumvi, tukaizamisha ndani ya utomvu wa kiwandani unaoganda kama kioo, kisha tukausugua utomvu huo kwa msasa laini na maji mpaka chembe ionekane ubavuni, tabaka juu ya tabaka. Ukisugua kidogo huoni kitu. Ukizidisha kidogo tu, chembe imekwenda na maji, na ukuta una miaka elfu mbili, huendi kuubandua tena kila ukikosea.

Wanafunzi wa chuo kikuu waliokuja kwetu walipoteza chembe moja katika kila tatu. Asubuhi moja mwaka 1985 Ermelinda alikuwa akipiga deki nyuma yao. Akasimama, akaegemea mti wa deki, akawatazama.

"Mnasugua kama mnaosha sufuria ya shangazi," akasema.

Mwanafunzi mmoja, kijana wa Salerno mwenye maneno mengi, akageuka. "Haya basi, mama. Karibu kiti. Tufundishe."

Alidhani ameshinda. Ermelinda akajifuta mikono kwenye aproni, akaketi. Kumbe kiwandani kwa miaka kumi alikuwa akisugua sahani za shaba zenye matundu, zile ambazo unga hupitishwa ukatoka tambi. Tundu likiwa na mkwaruzo hata mdogo kuliko unywele, tambi hutoka imechanika. Kidole chake gumba kilijua mkwaruzo kabla jicho halijauona. Alisugua kwa dakika arobaini, nusu ya muda amefumba macho, akisikiliza. Mara mbili alibadilisha msasa bila kuambiwa. Mwanafunzi aliacha kutabasamu kwenye dakika ya kumi hivi.

Dakta Fulvia alikiweka kile kipande chini ya hadubini, akakiangalia mara mbili.

"Nani kasugua hiki?"

"Mama wa usafi," nikamjibu.

"Basi tutafute mama mwingine wa usafi."

Hivyo ndivyo Ermelinda alivyoingia katika sayansi, akiwa na miaka thelathini na minne na cheti cha shule ya msingi. Karatasi za serikali zilimwita msaidizi. Majina ya mawe aliyajifunza kwa kuyasema kwa sauti huku akipanga chupa, kama anayesali rozari. Zinjifuri, ile rangi nyekundu kali inayotoka kwenye jiwe lenye zebaki, aliiita Bibi Mkubwa. "Ya bei mbaya, na ukimweka juani ananuna anageuka mweusi," alisema. Udongo wa manjano aliuita Kibarua, kwa sababu ulikuwa kila mahali na haukulalamika. Wakati mwingine, jicho likiwa kwenye hadubini, aliwazungumzia mafundi wa kale kana kwamba wamekaa chumba cha pili: "Huyu alikuwa na haraka, chokaa haijakaa sawa. Huyu hapa, Savè, njoo uone, huyu alikuwa fundi. Tabaka tatu, zote nyembamba kama ganda la kitunguu." Sote tulizisoma zile rangi. Yeye ndiye aliyewajua watu waliozipaka, na sijawahi kumwona mtu mwingine akifanya kazi kwa heshima ya namna ile kwa watu ambao hawezi hata kujua majina yao.

Hakuolewa. Alikuwa na mchumba aliyekwenda Ujerumani kutengeneza magari, na magari hayakuisha. Aliishi Boscoreale na baba yake, Mzee Aniello, fundi lipu mstaafu, mwenye mabega mapana na masikio yaliyosikia alichotaka tu.

Mwaka 1996 tuliletewa Nyumba ya Kware. Ni nyumba ya Kirumi iliyofukuliwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia katikati ya mashamba ya mizabibu, kilomita mbili kutoka kwa akina Ermelinda. Ina chumba kimoja kilichopakwa zinjifuri kuta zote tatu, na picha za zamani zilizoandikwa maelezo kwa mkono zinakitaja chumba hicho kuwa "chekundu kama kaa la moto". Sisi tulikikuta kina rangi ya maini yaliyolala. Kuta zilinata ukizigusa. Chini ya ule unato chumvi ilikuwa inasukuma rangi itoke, na kila majira ya baridi ganda jingine lilianguka sakafuni.

Unato ule ulikuwa nta. Hilo halikubishaniwa. Kilichobishaniwa ni nta ya nani. Kutoka Bologna alikuja Profesa Attilio Roncaglia, mtaalamu mkubwa, mrefu, mpole, mwenye tai hata mwezi wa Agosti. Aliamini nta ile iliwekwa na Warumi wenyewe. Alikuwa na sababu: kitabu cha ujenzi cha enzi zile kinawaelekeza mafundi wapake nta juu ya zinjifuri ili isigeuke nyeusi. Ikiwa ni ya Warumi, alisema, basi ni sehemu ya mchoro, na atakayeitoa ni mharibifu. Dakta Fulvia alihofia kwamba ikibaki, baada ya miaka kumi hatutakuwa na mchoro wa kubishania. Walikubaliana tuchukue chembe ishirini na tatu, na Ermelinda azisugue.

Alizisugua kwa wiki tano. Siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, alinipigia kelele kutoka mwisho wa ukumbi.

"Savè! Acha kahawa yako, njoo na kamera."

Ilikuwa chembe ya tisa. Chini kulikuwa na lipu nyeupe yenye unga wa marumaru, juu yake utepe mwembamba wa udongo wa manjano, juu yake zinjifuri, na juu kabisa ile nta, iliyong'aa samawati chini ya taa maalumu. Picha nzuri, lakini tulikuwa nazo nyingine nane.

"Naona nta," nikasema.

"Kila mtu anaona nta. Tazama kati ya nyekundu na nta. Hiki ni nini?"

Kulikuwa na punje tatu za kijivu, ndogo, zimekaa juu ya rangi na kufunikwa na nta.

"Vumbi."

"Vumbi la nani lina matundu? Hebu tazama vizuri, mwanaume, una macho ya kununua?"

Nikakaza jicho. Punje zilikuwa na vitundu vya duara, kama povu lililoganda. Ndipo nilipolitambua jiwe lile. Kila mtoto wa Boscoreale anayachimba mawe hayo bustanini kwa kijiko. Lilikuwa povu la mlima, lile lililomwagika siku volkano ya Vesuvio ilipoifukia nyumba.

"Mlima umekaa chini ya nta," Ermelinda akasema polepole. "Kwa hiyo nta imekuja baada ya mlima. Aliyeipaka hakuwa Mrumi, Savè. Warumi walikuwa wameshakufa."

Hakukimbilia kwa Dakta. Alisema punje tatu zaweza kuwa bahati mbaya, zaweza kuwa zimeingizwa na msasa. Akarudia chembe nyingine sita, kila moja kwa msasa mpya na maji mapya, na akapata punje katika tano. Ndipo akavua aproni, akachana nywele, akaenda kumwita Dakta na Profesa.

Profesa Roncaglia alikaa kwenye hadubini kwa muda mrefu sana. Aliomba aione ya tisa tena. Kisha akajiinua, akanyoosha tai.

"Bibi Malafronte, nimeandika kurasa arobaini kuhusu nta hii."

"Samahani sana, Profesa."

"Usiniombe samahani. Niongezee mwanga, nataka kuona kila punje."

Jioni ile alizichana zile kurasa mbele yetu bila hasira, akaomba anwani ya duka linalouza msasa wa aina ile. Nilimpenda kuanzia siku hiyo.

Wiki mbili baadaye mashine ya kuchanganua kemikali ilithibitisha kwa njia yake. Nusu ya nta ilikuwa ya nyuki, lakini nusu ilikuwa nta ya mishumaa ya dukani, ile inayotokana na mafuta ya petroli, ambayo dunia haikuwa nayo kabla ya karne ya kumi na tisa. Maabara nzima ilifurahi. Dakta alinunua keki za malai. Ermelinda peke yake alikula kipande kimoja na kuvaa koti mapema. Nilidhani amechoka.

Jumapili aliniita kwao kwa chakula. Tulipomaliza tambi na soseji zilizopikwa na mboga chungu, Mzee Aniello alijivutia beseni la maharage akaanza kuyamenya. Ermelinda akaketi mbele yake.

"Baba, ile Nyumba ya Kware. Ulifanya kazi pale."

"Miaka mitatu. Nilikuwa na nywele."

"Kile chumba chekundu mlikifanya nini?"

"Tulikiokoa," mzee akasema. "Kilikuwa kinapauka tangu kifukuliwe. Tukapewa nta kwenye madebe. Unaiyeyusha, unaipaka kwa brashi, halafu unapitisha pasi ya moto, taratibu, ukuta unainywa. Ulivyong'aa, we! Wakubwa walikuja na wake zao, wakapiga makofi."

Ermelinda akaisogeza sahani yake kando. Mzee aliinua macho kutoka kwenye maharage, akanitazama mimi, akamtazama bintiye.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu nta ile ndiyo inayouua ukuta, baba. Imefungia unyevu na chumvi ndani. Rangi inaanguka."

Ganda la haragwe lilibaki mkononi mwa mzee bila kufunguliwa.

"Nani kasema?"

"Mimi. Nimeiona mwenyewe."

"Wewe!" Aliweka beseni chini kwa kishindo. "Pasi ile ndiyo iliyokulisha. Viatu vyako vya komunyo vilitoka kwenye pasi ile. Leo unaniletea mgeni mezani uniambie nimeua ukuta?"

"Baba, mliambiwa. Hamkujua."

"Mimi nilikuwa fundi! Fundi hajui? Basi ni nini?"

Aliingia chumbani akafunga mlango. Hakusema na bintiye kwa siku kumi na saba. Ermelinda alizihesabu. Alimpikia, akamfulia, akamwambia habari za asubuhi mlangoni, akaenda kazini na kusugua, na hakupoteza hata chembe moja. Ila uso ulikuwa umepungua.

Dakta Fulvia, nilipomweleza, alimwita ofisini. Nilikuwepo. Alimwambia ripoti yaweza kusema tu kwamba nta iliwekwa na wafanyakazi wasiojulikana. Nyaraka za wakati ule zilipotea zamani, hakuna atakayeuliza.

"Wanajulikana, Dakta," Ermelinda akasema. "Mmoja wao yuko kwangu, ananuna. Andika yaliyotokea. Ila uandike na hili: hawakuchagua wao. Madebe yalikuja na amri."

"Baba yako je?"

"Baba yangu amenifundisha kutoficha ufa kwa chokaa. Atanuna, lakini hawezi kunikatalia hilo."

Siku ya kumi na nane, Ermelinda akiwa nyumbani anawasha jiko la kahawa, alisikia kiti kikiburutwa nyuma yake. Mzee Aniello alikuwa ameketi mezani, amevaa kofia yake ya kutokea.

"Kuna mahali sikupitisha pasi," akasema, kana kwamba wanaendelea na mazungumzo ya dakika iliyopita.

"Wapi?"

Akachukua karatasi ya mkate, akaomba kalamu. Alichora mlango, ukuta wa kushoto, na chini kabisa, kwenye usawa wa goti, akaweka duara. Alipokuwa akiusafisha ukuta ule miaka hiyo aliona alama ya kiganja. Fundi wa Kirumi alikuwa ameegemea lipu ikiwa mbichi, labda akijiinua kutoka kupiga magoti, na hakuna aliyeisawazisha. Rangi ikapakwa juu yake ikabaki na umbo.

"Niliweka mkono wangu pale," mzee akasema. "Vidole vyote vilionekana, ila kile kidogo kilikuwa kimepinda. Nikasema, nikimimina nta hapa, mkono huu utajaa kama kikombe, basi utapotea. Msimamizi alikuwa nje anavuta sigara. Nikakata karatasi ya gazeti, nikaibandika, nikafunika na lipu nyembamba ya chokaa, nikaipaka masizi ifanane na ukuta. Hakuna aliyejua. Hata Tobia niliyekuwa naye hakujua."

"Na hukusema miaka yote hii?"

"Nilikuwa nimevunja amri, mama. Ningemwambia nani?"

Tulikwenda siku hiyohiyo: Ermelinda, Dakta, mimi na ile karatasi ya mkate. Ilimchukua Ermelinda saa tatu kwa kisu cha upasuaji na brashi ya manyoya. Lipu ya mzee ilitoka vipande vipande. Gazeti lilikuwa limekuwa kahawia, bado lilisomeka bei ya ngano. Akalilowesha, akalibandua kuanzia kona.

Nimepiga picha za kuta kwa miaka thelathini na moja na sijui namna ya kueleza wekundu ule. Kuzunguka pande zote ukuta ulikuwa maini, na pale katikati, eneo la sahani ya chakula, kulikuwa na moto. Ndani ya moto kulikuwa na kiganja, na kidole kidogo kimepinda. Dakta Fulvia aliketi sakafuni bila kujali sketi yake. Ermelinda alitazama kwa muda, halafu akavua glovu, akaleta mkono wake karibu kabisa bila kugusa.

"Mdogo kuliko wangu," akasema. "Nilidhani alikuwa mtu mkubwa."

Kutoka ukingoni mwa eneo lile alichukua chembe moja tu. Aliisugua siku mbili. Haikuwa na nta, wala gundi, wala yai, wala mafuta: zinjifuri juu ya udongo wa manjano, imeshikwa na chokaa tu, iliyowekwa na mtu aliyejua kusubiri lipu ifike mahali pake. Sasa tulijua ukuta ule ulikuwaje ulipotoka mkononi mwa mwenyewe, na tulijua tusimame wapi tukiusafisha. Bila kipimo kile, Dakta alisema, tungekuwa tunabahatisha kama waliotutangulia, tukijiona werevu.

Kuitoa nta kulichukua miezi kumi na minne, kwa mabandiko ya karatasi yaliyoloweshwa dawa ya kuyeyusha, kiganja kwa kiganja. Haikurudi yote. Ukuta wa mbele ulirudi karibu wote, wa kushoto nusu. Mahali ambapo zinjifuri yenyewe ilikuwa imegeuka hakuna dawa ya kuirudisha, na Ermelinda alikataa katakata pendekezo la kuipaka upya ili wageni wafurahi.

Mwezi wa Mei mwaka 1998 tulimleta Mzee Aniello kwa gari langu. Alikuwa na miaka themanini na mitatu, amevaa suti ya harusi za wajukuu wa watu. Alisimama katikati ya chumba akiegemea bega la bintiye, akageuka polepole, ukuta baada ya ukuta. Alipofika wa kushoto alinyoosha fimbo kwenye doa jeusi lililokuwa refu kama mtu.

"Hapa?"

"Hapa haitarudi, baba."

"Hapa palikuwa pangu. Tobia alikuwa ule wa mbele." Akatikisa kichwa. "Tobia alikuwa mvivu, pasi yake ilikuwa baridi, nta haikuzama. Kumbe mvivu ndiye aliyeuokoa ukuta."

Ermelinda akacheka mpaka akalazimika kushika mlango, na mzee akacheka naye, mabega yakitikisika ndani ya suti. Halafu akataka kuinama aione alama ya kiganja. Tukamsaidia kupiga magoti, mimi huku, bintiye kule. Alikitazama kile kidole kilichopinda. Alipotaka kuinuka aliinua mkono kutafuta pa kuegemea, akakumbuka, akaurudisha, akaegemea kichwa cha Ermelinda.

Alifariki miaka miwili baadaye, akiwa amekwisha kuiona ripoti iliyochapishwa. Ukurasa wa sita unasema mahali pasipo nta palihifadhiwa na kuelezwa na fundi Aniello Malafronte wa Boscoreale. Aliwaonyesha wote waliocheza naye karata, na waliojua kusoma na wasiojua aliwasomea yeye.

Ermelinda aliendelea kusugua mpaka mwaka 2013. Daftari zake zina chembe elfu nne na mia mbili, kila moja na namba, tarehe, na neno moja la mwandiko wa duara: "mzuri", "ana haraka", "mlevi?" Watu waliosomea nchi za mbali walikuja kukaa kando yake wiki nzima ili wajifunze kusikiliza msasa. Profesa Roncaglia alimtumia chembe zake kwa posta kila mwaka mpaka alipostaafu, na kila bahasha aliiandika: Kwa Dakta Ermelinda Malafronte. Naye kila alipomjibu alikata lile neno "Dakta" kwa penseli, akairudisha bahasha ileile.

Nikamuuliza siku moja kwa nini asiliache tu, mbona analistahili kuliko wengi.

"Nikiliacha," akasema bila kuinua jicho kutoka kwenye hadubini, "kesho jirani atanigongea mlango anataka dawa ya mgongo. Niletee maji safi, Savè, haya yameshaanza kukwaruza."